Gari la Kwanza Limefika

Sura ya Sita

Jumamosi asubuhi, siku ya pili tangu ghala la ngano liungue, Basotu yote ilikuwa bado inanuka mkate. Hilo liliwatia watu hofu kuliko majivu. Kama pangenuka moshi tu, watu wangeziba pua na kuendelea na shughuli zao. Lakini harufu ilikuwa tamu, kama ya mkate unaotoka jikoni kwa masista, na kila aliyeivuta alikumbuka kwamba Gidamis, kiongozi wa kikosi cha moto, alifia ndani ya ghala lile. Watoto waliolia njaa walinyamazishwa upesi, kana kwamba wametukana.

Sajenti Bashiri Tawakali wa polisi, mtoto wa wafanyabiashara wa Katesh, alivuka uwanja wa shamba akiwa amejifunga skafu puani. Alikuwa na muda mpaka saa nane mchana. Inspekta, yule Mzungu aliyetoka Mbulu, alimwambia jana yake kwa maneno machache: gari la Arusha linafika saa nane, na karani wa redio anaondoka nalo. Aliyepelekwa Arusha kwa kesi ya mauaji watu wa huku hawakumwona tena. Waliletewa habari zake tu.

Mlangoni mwa chumba cha redio alisimama Marko, mtu mrefu, mkavu, aliyefunga vifungo vyote vya koti. Tangu jana yeye ndiye aliyeshika kikosi cha moto cha shamba. Wakati wa vita alikuwa askari wa mawasiliano huko Burma, na karatasi ya kanuni iliyobandikwa ukutani nyuma yake aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo, mwaka jana meneja alipotafuta kiongozi wa kikosi, alimchukua Gidamis, mchunga ng'ombe wa Kibarabaig ambaye watu walimfuata bila kuitwa.

"Bado unamhoji, Sajenti?" Marko aliuliza. "Jambo liko wazi. Mimi nilikuwa Nambis kwa mama yangu mgonjwa, sikuona kitu. Lakini hata kipofu angeliona hili."

"Pole kwa mama. Anaendeleaje?"

"Mungu anamsaidia."

"Basi na mimi anisaidie," Bashiri alisema, akaingia.

Hermani, karani wa redio, alikaa kwenye kiti chake kile kile cha kazi, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye mguu wa meza. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwimbaji wa kanisani, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa meneja.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Wameniletea mkate."

Mkate ulikuwa mezani, mzima. Bashiri aliuchukua, akaufunika kwa gazeti na kuuweka dirishani nje, ndipo akaketi.

"Nieleze tena. Polepole, kama unamweleza mtu asiyejua redio."

"Redio ziko tatu, Afande. Hii ya kituo, ya Gari la Kwanza na ya Gari la Pili. Gari la Kwanza ni Landrova, analiendesha kiongozi peke yake ili atangulie kuona. Gari la Pili ni lori la maji, lina Nikolausi na watu watatu. Gari linalofika kwanza linatoa taarifa: liko wapi, linaona nini, linafanya nini. Halafu linasema, 'Amri iko kwangu.' Likishasema hivyo, hakuna anayenyanyua hata ndoo bila sauti yake."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi Gidamis alitoka na Gari la Kwanza baada ya chakula, kwenda kukagua ghala la tatu. Saa tisa nikaona moshi kwenye dirisha hili. Nikaita. Gari la Kwanza likajibu, 'Niko njiani.' Baadaye ikaja taarifa yenyewe. Nimeiandika."

Daftari lilikuwa wazi mbele yao. Bashiri alisoma kwa sauti ya chini:

*Saa tisa na dakika kumi. Gidamis amefika. Ghala la tatu. Moto mkubwa upande wa nyuma. Paa limesimama. Hakuna mtu ndani. Gari la Pili lisimame njia panda, lisubiri sauti yangu. Amri iko kwangu.*

Na chini yake mstari mmoja:

*Saa tisa na dakika hamsini. Gidamis: Naingia ndani.*

Baada ya hapo ukurasa ulikuwa mweupe.

Daktari wa misheni alikuwa ameufungua mwili Ijumaa. Fuvu lilikuwa limepasuka kwa nyuma, na kooni hapakuwa na chembe ya masizi. Gidamis alikuwa ameacha kuvuta pumzi kabla kiberiti hakijawashwa. Basi aliyetoa taarifa ile, aliyewashika watu wanne kwenye njia panda kwa dakika arobaini wakiangalia moshi, alikuwa maiti. Vijijini walishakubali kwamba ndivyo. Inspekta hakukubali. Alihesabu redio tatu: moja ya maiti, moja ya watu wanne walioshuhudiana, na moja ya karani aliyekuwa peke yake. Tena karani mwenyewe alijulikana kwa kuigiza sauti za watu.

"Uliwahi kumwigiza Gidamis?" Bashiri aliuliza.

"Ndiyo, Afande. Krismasi. Alicheka mpaka akakaa chini."

"Ungesema hapana, nani angejua?"

"Yeye angejua."

Bashiri akaweka kidole kwenye daftari. "Hapa. Alisema, 'Mimi ni Gidamis'?"

"Hapana, hairuhusiwi. Kwenye redio mtu hana jina, Afande, gari ndilo lenye jina. Mtu anaweza kuanguka, akashika mwingine, amri ikabaki kwenye gari. Ni kanuni ya kwanza, ile pale ukutani."

"Sauti ilisema nini, neno kwa neno?"

"'Gari la Kwanza limefika.'"

"Na hili jina Gidamis?"

Hermani aliinama juu ya mwandiko wake mzuri. "Limetoka kwangu," alisema. "Gari la Kwanza ni lake. Sauti ilikuwa nzito, ya kukatakata, kama yake. Lakini kwenye redio wote tunakatakata, ndivyo tulivyofundishwa. Ee Mungu wangu. Niliandika nilichokijua, sikuandika nilichokisikia."

Wakati huo sanduku la redio lilitoa mlio mkavu, *tk*, kama mtu aliyebonyeza kitufe akaghairi kusema. Wote wawili waliligeukia. Landrova lilikuwa chuma kilichoungua. Lori lilionekana dirishani, halina mtu.

"Nini hiyo?"

"Radi ya mbali, Afande. Tangu Alhamisi inapiga." Hermani aliliangalia tena sanduku. "Tunasema ni radi."

Mbingu ilikuwa kavu mpaka kileleni mwa Hanang.

* * *

Nikolausi, dereva wa Gari la Pili, alimpeleka Bashiri njia panda kwa lori lile lile la maji. Alikuwa mtu mnene wa makamo, mwenye sifa ya utani, lakini njiani hakutania. Walipopita kisimani, mwanamke mmoja akasimama na debe lake kichwani.

"Enyi mashujaa wa njia panda! Bado mnasubiri sauti?"

Wenzake wakacheka, ila si kicheko cha furaha. Nikolausi aliendelea kushika usukani.

"Ndivyo wanavyotuita sasa," alisema. "Jana mke wangu ameninyima maji ya kuoga. Ameniambia niyasubirie amri."

Njia panda ilikuwa kama maili moja kutoka ghalani. Palikuwa na jiwe jeupe, mti mmoja wa mgunga, na matairi ya lori yalikuwa yamechimba ardhi mahali yaliposimama Alhamisi.

"Mlikuwa na maji?"

"Tenki zima."

"Na mlikuwa mnaona moto?"

"Tuliona moshi, Afande. Ulikuwa unatujia sisi, mzito, hata mkono wako huuoni. Kijana mmoja alishuka akataka kukimbia ghalani. Mimi nikamshika kola." Aliunyanyua mkono wake wa kulia. "Nilimshika kwa mkono huu. Nikamwambia, kiongozi amesema tusubiri."

"Taarifa yenyewe unaikumbuka?"

"Naisikia nikilala." Nikolausi alifumba macho, akaitoa kama mtu anayesali rozari. "'Gari la Kwanza limefika. Ghala la tatu. Moto mkubwa upande wa nyuma. Upepo unatoka ziwani, wa wastani. Paa limesimama. Hakuna mtu ndani. Gari la Pili lisimame njia panda, lisubiri sauti yangu. Amri iko kwangu. Ova.'"

Bashiri alikuwa ameinakili taarifa ya Hermani kwenye kijitabu chake. Aliifuata kwa kidole mstari kwa mstari, kidole kikasimama mahali pamoja. Akaweka alama hapo kwa kalamu.

"Maneno hayo umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Inspekta aliuliza kama tulisikia, tukasema tulisikia. Hakutuuliza tulisikia nini. Na watu wengine hawatusalimu, Afande, sembuse kutuuliza."

* * *

Ghala la tatu lilibaki kuta tatu na rundo la ngano jeusi, ambalo ndani yake bado lilikuwa jekundu na kila upepo ulipovuma lilipumua. Walinzi walikuwa wamekataa kukaa karibu. Mita chache kutoka ukutani Gari la Kwanza lilikuwa limekaa juu ya rimu zake, matairi yameyeyuka na kugandia ardhini kama lami.

Bashiri alizunguka mara tatu. Mara ya tatu alisimama kwenye pipa kubwa la maji ya akiba, lililokaa hapo tangu mavuno.

"Lisukume hilo," alisema.

Nikolausi alilisukuma kwa bega mpaka likalala. Pande zote mabua ya ngano yalikuwa yameungua yakawa unga mweusi. Lakini pipa liliposimama palikuwa na duara la mabua ya njano, safi, na mende akakimbia katikati yake.

"Moto ulipita huku na huku, ukashindwa kuingia chini ya pipa," Bashiri alisema. "Sasa lete jeki."

Walilinyanyua Landrova upande mmoja. Bashiri alijilaza chini, skafu puani, akang'oa bonge la mpira lililoganda chini ya rimu. Aliligeuza juani. Nikolausi alichungulia, akarudi nyuma hatua moja.

Chini yake hapakuwa na bua la njano hata moja. Palikuwa na majivu matupu, yaliyokandamizwa na uzito wa gari yakawa ubao. Tairi la pili lilikuwa hivyo hivyo.

"Soma mwenyewe," Bashiri alisema.

"Gari lilikanyaga majivu," Nikolausi alisema polepole. "Lilikuja moto ukiwa umeshapita hapa. Halafu likachomwa peke yake. Lakini lilisema limefika, Afande. Lilisema limefika saa tisa na dakika kumi!"

"Halikuwa hapa. Lilikuwa mahali pengine panapoonekana ghala, na ndani yake mlikuwa na mtu mwenye pumzi. Wapi panaonekana ghala na gari lisionekane?"

Nikolausi aligeuka bila kusita. Upande wa ziwa palikuwa na kilima kifupi, mgongo wake umejaa vichaka, na nyuma yake ng'ombe hulamba magadi.

* * *

Waliwakuta ng'ombe wamesimama wote wakiangalia upande mmoja, bila kengele kulia. Katikati yao alisimama mzee amejifunga shuka nyeusi. Huyo alikuwa Gidabuday, kaka mkubwa wa marehemu. Chini, ziwani, kiboko mmoja alikoroma, na sauti yake ikapanda mpaka hapo.

"Shikamoo, mzee. Poleni kwa msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa, tutafanyaje." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota neno moja moja. "Umechelewa, askari. Mimi nilikuwa nasubiri mtu wa kuniuliza."

"Kwa nini hukuja kusema?"

"Nilienda. Mlangoni kwenu nilimkuta mrefu wa vifungo. Alisema mambo ya redio si ya wachunga ng'ombe."

Bashiri na Nikolausi walitazamana.

"Uliona nini, mzee?"

Gidabuday alinyoosha fimbo. Kati ya vichaka viwili, alama za matairi zilikuwa wazi kwenye udongo wa magadi, zimeingia na kutoka, na doa la mafuta katikati.

"Gari lilikaa pale. Mtu ndani, kofia ya chuma mpaka shingoni, mgongo kwangu. Anaongea na sanduku. Sanduku linamjibu kwa heshima: ndiyo, ndiyo. Kule ghala linawaka. Yeye anaangalia saa ya mkononi, anaongea tena, ananyamaza. Muda mrefu. Mimi nikafikiri ni mdogo wangu, anafanya kazi yake."

"Halafu?"

"Halafu nikaona ng'ombe." Mzee alishusha fimbo. "Hawa amewalea yeye. Akija, hata ndani ya gari, wanakwenda kumlamba mikono. Siku ile hawakwenda. Walisimama kama hivi. Nikajua aliyevaa kofia ya mdogo wangu si mdogo wangu."

Jua lilikuwa limepita utosini. Bashiri aliangalia saa yake: saa saba na robo.

* * *

Aliwapanga watu wa kikosi uwanjani, mbele ya chumba cha redio. Hermani aliletwa na pingu zake akasimama kando. Inspekta alikaa kwenye kiti cha turubai, na vumbi la gari la Arusha lilishaonekana mbali kwenye barabara ya Katesh. Marko alisimama mbele ya watu wake, mikono nyuma.

"Bwana Inspekta, nina machache," Bashiri alisema. "Nitasoma daftari, niseme, kisha nifunge."

Alisoma taarifa yote kama ilivyoandikwa, pole pole. Alipomaliza alilifunga daftari, akatikisa kichwa.

"Sipendi kumsema marehemu, lakini ukweli usemwe. Aliyetoa taarifa hii alikuwa kiongozi hafifu. Kanuni ya nne pale ukutani inataka upepo utajwe. Huyu hakutaja upepo. Watu wake wakasimama ndani ya moshi dakika arobaini, kwa uzembe tu. Kazi ya mtu asiyefundishika."

Nikolausi alifungua mdomo. Bashiri alinyanyua kiganja, naye akaufunga.

Shingo ya Marko ilikuwa imesimama. "Kanuni ya nne haikuvunjwa," alisema.

"Imevunjwa, Bwana Marko. Daftari hili hapa."

"Daftari ni la karani mvivu. Upepo ulitajwa, na ulitajwa mahali pake, kabla ya paa. Unatoka ziwani, wa wastani. Taarifa ilikuwa kamili."

Vumbi la gari la Arusha lilikuwa linakaribia. Hermani ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo: "Kweli, Afande. Nilikuwa nachovya kalamu. Upepo ulinipita."

"Ulimpita karani," Bashiri alisema, "na kwenye karatasi haumo. Uliwafikia watu wanne waliokuwa kwenye lori, basi. Wewe Alhamisi saa tisa ulikuwa wapi, Bwana Marko?"

"Nambis. Kwa mama."

"Nambis kuna redio?"

"Nimeambiwa." Marko aligeuza macho. "Nikolausi ameniambia."

"Bwana Marko," Nikolausi alisema, "tangu urudi hujanipa hata salamu."

Marko aliwatazama wale watu wanne mmoja mmoja, kisha akatazama, kupitia mlango uliokuwa wazi, karatasi yake ukutani, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikatoka nyuma. Ilikuwa na malengelenge ya moto, yamepakwa mafuta. Inspekta alisimama, na askari wawili wakamshika viwiko. Hakushindana nao.

"Alikuwa hajui hata kusoma ramani," alisema, kama anayetoa taarifa. "Nilimfuata ghalani kumwambia aache uongozi. Akacheka. Aligeuka kwenda zake, akacheka."

Bashiri alimsogelea. "Moto ulihitaji dakika kumi kufunika ulilolifanya. Paa liliporomoka saa tisa na nusu, walinzi waliliona kwa mbali. Kwa nini uliwashika mpaka saa tisa na hamsini?"

Marko alifikiri, kwa uaminifu, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali zuri.

"Nilikuwa naangalia kama vumbi la lori litatokea upande huu wa moshi," alisema. "Halikutimka. Nilisema wasimame, wakasimama. Nilitaka kujua wangesimama mpaka lini."

Gari la Arusha liliingia uwanjani, likasimama, dereva akapiga honi mara moja. Bashiri alifungua pingu za Hermani akazifunga kwenye mikono ya Marko, taratibu, akikwepa malengelenge. Wakampakia, mlango ukafungwa.

Hermani alibaki amesimama mahali alipowekwa, akisugua kifundo cha mkono.

"Nenda nyumbani, kijana," Bashiri alimwambia. "Mama yako anakungoja."

"Ndiyo, Afande." Alipiga hatua mbili, akageuka kwa wenzake. "Twendeni, basi."

Watu wanne wa Gari la Pili walikuwa bado kwenye mstari, mikono ubavuni, wanaangalia mbele. Machozi yalikuwa yanamtoka Nikolausi na hakuyafuta. Bashiri aliwaambia watawanyike. Alilazimika kuwaambia mara ya pili, na mara ya tatu akamshika Nikolausi mkono, akamwongoza mwenyewe mpaka kivulini.